Kigoma na Ujiji: uone mji kwanza, Gombe haikimbii

Wageni wengi wa Kigoma wakishuka tu kwenye ndege au treni wanauliza boti ya Gombe, hifadhi ya sokwe, na kesho yake hawapo tena mjini. Naona wanapitwa na mengi. Kuanzia stesheni ya reli hadi Ujiji kuna historia ambayo huku bara ni miji michache inayo, na yote unaizungukia kwa daladala na miguu yako.

Kilichonigusa zaidi ni Ujiji. Unapanda daladala mjini, unashuka, kisha unateremka kwa miguu kuelekea Ziwa Tanganyika hadi eneo la kumbukumbu ya Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti. Unalipa kiingilio na mwongozaji anakuzungusha. Kuna mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika, mahali ambapo Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alimkuta Livingstone mwaka 1871. Mwembe wa enzi hizo ulishakufa. Iliyopo sasa inaelezwa kuwa imetokana na vipandikizi vyake, na kivuli chake ni kizuri sana saa za jua kali. Ndani ya makumbusho wamewekwa Livingstone na Stanley wa sanamu, kofia mkononi, wakisalimiana. Kila anayeingia anapiga picha hapo.

Mimi nilikaa zaidi kwenye habari za biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Ujiji ilikuwa bandari ya mwisho ya njia ya misafara kutoka Bagamoyo, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu, na watu waliokamatwa Manyema, ng'ambo ya ziwa, walivushwa na kupitishwa hapa. Ukitoka nje baada ya kusoma hayo, ile mitaa ya Ujiji yenye misikiti na miembe mikubwa unaitazama kwa macho mengine. Waswahili na Wamanyema wa hapa wana asili ndani ya historia hiyohiyo.

Jambo jingine: ukisimama penye mnara, ziwa liko mbali, wakati masimulizi yanasema lilikuwa karibu. Sababu ni mto Lukuga, unaotoa maji ziwani upande wa Kongo. Miaka ya 1870 maji yalipanda hadi yakazibua mdomo wa mto huo, na ziwa likashuka kwa takriban mita 10 katika miaka iliyofuata. Muulize mwongozaji akuonyeshe ufukwe wa zamani ulipokuwa. Kwangu hiyo ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote za ziara.

Ninaloliomba sana kwa wanaosimamia makumbusho ni kuwapa nafasi zaidi watu wetu. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India akarudi akiwa huru, alifika Ujiji mwaka 1858 na wapelelezi Waingereza Burton na Speke, kisha akafika tena mwaka 1871 na Stanley. Na Susi, mtumishi wa Livingstone, ndiye aliyetoka mbio kumlaki Stanley, na baada ya Livingstone kufariki mwaka 1873 alikuwa miongoni mwa walioubeba mwili wake hadi pwani. Watu hao nao wanastahili sanamu pale.

Kigoma mjini, anzia stesheni. Ni jengo la Wajerumani, mwisho wa reli ya kati iliyofika hapa mwaka 1914, na bado linafanya kazi yake. Hapo jirani ni bandarini, nyumbani kwa MV Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa ndani ya makasha na kuunganishwa hapahapa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Nilipokwenda ilikuwa kwenye ukarabati, haibebi abiria. Bandarini usiingie wala kupiga picha bila kuomba ruhusa.

Kibirizi, ufukwe wa wavuvi, nenda asubuhi mapema. Maboti ya uvuvi yanarudi na taa zake baada ya kuvua dagaa usiku kucha, na kina mama wanawatandaza chini, wanapita wakichambua kwa vidole haraka ajabu, takataka huku, dagaa kule. Nilikula mgebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo pale karibu, ukiwa umetoka tu ziwani. Aliyezoea samaki wa kwenye barafu ataona tofauti tangu tonge la kwanza.

Gombe penyewe, ndiyo, nenda. Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe pale mwaka 1960, na kuwaona sokwe hao porini ni kitu ambacho hutakisahau. Hakuna barabara, ni boti tu. Mtanzania abebe kitambulisho, kwa sababu viingilio vya wenyeji ni tofauti kabisa na vya wageni. Lakini kabla ya kupanda boti yoyote, hesabu majaketi okozi. Boti moja ya kukodi niliyoelekezwa haikuwa na hata moja, na bei ikapanda tukiwa tayari ufukweni. Nilikataa, nikatafuta nyingine. Tanganyika ni ziwa la pili duniani kwa kina, karibu mita 1,470, na upepo wake ukianza mawimbi yanakuwa ya bahari kabisa.

Kwa kuogelea, fukwe za upande wa kusini wa mji, kama Jakobsen, ni safi na maji yanaonyesha hadi chini. Pakia chakula na maji ya kunywa, na mpange kabisa na bodaboda au bajaji aje kukuchukua, kwa sababu jioni kule usafiri ni wa kubahatisha.