Chakula cha panya NTP-2000: chaguo zuri kwa jaribio la miaka 2

Kwa majaribio ya saratani ya miaka 2, chakula hiki cha Mpango wa Taifa wa Sumu wa Marekani (NTP) kinaishinda NIH-07 iliyokitangulia. Protini imeshushwa kutoka takriban asilimia 23 hadi 14, mafuta na nyuzinyuzi zikaongezwa. Hivyo ugonjwa sugu wa figo, unaoweza kuwaua madume wa F344 (aina ya panya wa maabara) kabla uvimbe haujajitokeza, hupungua makali. Hilo pekee latosha kukichagua.

Ukitaka kuchanganya humo kemikali unayoijaribu, agiza cha unga. Kemikali isizidi asilimia 5, la sivyo panya watakonda kwa kukosa lishe nawe udhani ni sumu. Pima sampuli za juu, katikati na chini ya mchanganyiko, uone kama kemikali imeenea sawasawa. Panya huumwaga sana unga, kwa hiyo usipopima uliomwagika, dozi itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Kemikali inayogeuka mvuke upesi haifai humu, isipokuwa imefungiwa ndani ya vifuko vidogo mno.