Seti ya udongo wa kuchapa kiganja: zawadi ambayo mtoto huitengeneza mwenyewe

Nilinunua seti hii ya udongo unaokauka kwa hewa ili mwanangu wa miaka 4 amtengenezee mama yake zawadi, nami nimeridhika nayo kwa sababu sehemu kubwa ya kazi inabaki mikononi mwa mtoto. Udongo ni laini kiasi kwamba alipobonyeza kiganja, hata mikunjo midogo ya vidole ilijichora, naye akaninong'oneza kuuliza kama mama atautambua mkono wake. Kasoro ni maelekezo, ambayo hayaonyi kwamba udongo uliotandazwa mwembamba hupinda na kupasuka ukianikwa juani. Kibao chetu cha kwanza kilivunjika, tukarudia kwa unene wa sentimita 1 na kukikausha kivulini kwa siku 3, tukikigeuza kila asubuhi. Rangi zinatosha, ila brashi inanyonyoka nywele, hivyo alipaka kwa kidole.