Naivasha: hema lako au banda la kukodi?

Wanaokwenda kutembea na kuendesha baiskeli Hell's Gate, hifadhi ya taifa iliyo karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, huulizana hili kila mara. Kwa gharama, hema linashinda: unalipia nafasi tu. Lakini Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri baridi hupenya chini ya mkeka, na hema likikunjwa na umande huota ukungu, kwa hiyo ukifika nyumbani lianike. Banda halina kazi hiyo, wala mvua ya Aprili hailisumbui, ila wikendi huwahiwa.

Viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi, kwa hiyo mwenye hema achague kambi yenye uzio wa umeme. Mwenye watoto wadogo ningemwelekeza bandani. Vijana wenye baiskeli zao, hema linawatosha kabisa.