RabbitMQ kwenye klasta ya seva tatu: uzoefu wangu

RabbitMQ ni programu inayopokea meseji kutoka programu moja na kuzitunza kwenye foleni mpaka programu nyingine izichukue. Nilipounganisha seva zake tatu kuwa klasta moja, yaani kundi linalofanya kazi pamoja, niliamini kwamba meseji ikishaingia, iko kwenye seva zote tatu. Sivyo, na nililijua hilo usiku ambao diski ya seva ya pili iliharibika.

Programu yetu hupokea oda na kuziweka kwenye foleni, kisha programu nyingine huzichukua na kuzishughulikia. Nilifungua ukurasa wa usimamizi kwenye poti 15672, nikaona nodi mbili (yaani seva mbili za klasta) ziko hai, nikashusha pumzi. Kumbe foleni ya oda ilikuwa na makazi kwenye ile nodi iliyokufa. Kila programu ya kupokea ilipojaribu kuunganisha upya ilirudishiwa kosa la 404, kwamba nodi yenye foleni hiyo haifikiki. Seva mbili nzima, na hakuna oda hata moja iliyotembea.

Kosa lilikuwa langu. Klasta hugawana majina ya foleni, watumiaji na ruhusa zao, lakini meseji za foleni ya kawaida hukaa kwenye nodi moja tu. Ukitaka nakala, tumia foleni ya akidi (quorum queue, inayotunza nakala kwenye nodi kadhaa), iliyokuja na toleo la 3.8 mwaka 2019. Hii hufuata kanuni ya Raft, njia ya nodi kukubaliana: meseji haithibitishwi mpaka nodi zilizo wengi ziwe zimeiandika. Ukikutana na maelekezo ya zamani ya foleni za kioo (mirrored queues, njia ya awali ya kunakili foleni), achana nayo; ziliondolewa kabisa kwenye toleo la 4.0.

Kuhama kuna kazi yake. Aina ya foleni haibadilishwi ikishaundwa. Nilipojaribu kuitangaza upya kwa jina lilelile nikiwa nimeweka x-queue-type (kigezo cha aina ya foleni) kuwa quorum, nilipata kosa la 406, yaani sifa hazilingani na za foleni iliyopo. Ikabidi niunde foleni mpya kwa jina jipya, nielekeze watumaji huko, kisha niiache ya zamani imalizike yenyewe.

Baada ya hapo nilifanya jaribio ambalo ningemsihi kila mtu alifanye kabla ya kuamini chochote. Nilituma meseji 10,000, kila moja ikiwa na namba yake, nikiwa nimewasha uthibitisho wa mtumaji (RabbitMQ humjulisha anayetuma kwamba meseji imehifadhiwa), na katikati ya kazi nikazima nodi iliyokuwa kiongozi wa foleni, ile inayopokea meseji na kuzisambaza kwa nyingine. Mtumaji alikwama kidogo, akaunganisha kwenye nodi nyingine, akatuma tena zile ambazo hazikuwa zimethibitishwa. Nilipolinganisha namba, hakuna hata moja iliyopotea. Nilifurahi kupita kiasi! Ila chache zilifika mara mbili, na hilo ni la kawaida, kwa hiyo mpokeaji wetu sasa hutazama namba ya oda kwenye hifadhidata kabla ya kugusa pesa ya mtu.

Bila uthibitisho huo, foleni ya akidi haikulindi kikamilifu, maana mtumaji hana namna ya kujua kipi kiliishia njiani. Vilevile mpe mtumaji orodha ya anwani za nodi zote tatu. Klasta haiihamishi programu iliyounganishwa nayo. Ni programu yenyewe inayopaswa kubisha hodi kwingine.

Kuna gharama. Uandishi wa diski umeongezeka, na meseji moja moja huchelewa kidogo kuliko zamani. Nodi mbili kati ya tatu zikianguka, foleni husimama. Mimi naona ni haki, heri isimame kuliko kupokea oda isiyoweza kuitunza. Nodi ya nne haiongezi ustahimilivu, kwa sababu akidi (idadi ya nodi zinazotakiwa kukubaliana) inapanda kuwa tatu. Ukitaka kuvumilia vifo viwili, weka tano.

Kuziunganisha nodi ndiko kulikonichosha zaidi: faili la kuki ya Erlang (neno la siri ambalo nodi hutumia kutambuana) lazima lifanane kote, na poti 4369 na 25672 ziwe wazi baina yao. Hiyo ya pili, iliyofungwa na ukuta wa moto, ilinila nusu siku.

Foleni za muda, zinazorudisha majibu kwa programu iliyouliza, nimeziacha zibaki za kawaida. Jibu likipotea, aliyeuliza huuliza tena.