Uzoefu wangu na Neural Amp Modeler: gitaa zito la metali ndani ya flati ya Tudor

Neural Amp Modeler ni programu ya bure, na kwa anayetaka mngurumo mzito wa gitaa la umeme akirekodi chumbani kwake, sijaona nyingine ninayoweza kuipendekeza kwa moyo mweupe kama hii. Nimeitumia kwa muda mrefu, kwenye kompyuta ya mkononi ya kawaida, katika flati ya ghorofa ya tatu huku Tudor, Mombasa. Naandika kwa ajili ya wapiga gitaa wa Pwani ambao kila wakirekodi rifu nzito (kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa) wanapata sauti nyembamba, inayochachatika kama mafuta kwenye kikaango, wakadhani gitaa lao ndilo bovu.

Aliyeianzisha ni Steven Atkinson, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Inavyofanya kazi ni hivi: mtu mwenye amplifaya halisi hupitisha ndani yake faili maalumu ya sauti, akarekodi kinachotoka upande wa pili, kisha kompyuta ikajifunza namna amplifaya ile inavyoigeuza sauti inayoingia. Kinachopatikana ni faili ndogo yenye mkia wa .nam, inayoitwa modeli. Wewe huna haja ya kufanya lolote kati ya hayo. Watu wa nchi mbalimbali wamekwisha kuzinasa amplifaya zao na kuziweka kwenye tovuti ya TONE3000, na unapakua bila malipo. Zimo Peavey 5150 iliyotoka mwaka 1992, Marshall JCM800 ya 1981, Mesa/Boogie Dual Rectifier, yaani mashine zilizojenga sauti ya muziki huu tunaoupenda.

Sasa fikiria 5150 yenyewe ikiwa ndani ya flati. Ni wati 120, na spika zake hutaka zisukumwe kwelikweli ndipo zitoe ule mshindo wa kifuani. Jirani yangu wa chini ni mama mtu mzima mwenye wajukuu wadogo. Zamani nikiwa na amplifaya ndogo tu ya mazoezi alipanda ngazi akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hicho chombo chako chatetemesha hadi vikombe vyangu kabatini." Nikamjibu, "Samahani sana mama, nazima sasa hivi." Leo napiga saa sita za usiku kwa hedifoni na hakuna anayejua.

Kuna faida nyingine ambayo mtu wa Mombasa ataielewa haraka. Waya wa gitaa unaingia moja kwa moja kwenye intafesi ya sauti, kile kisanduku kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, mimi nina Focusrite Scarlett Solo, na hakuna maikrofoni popote. Basi feni inazunguka juu ya kichwa changu mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imechoka na joto limekaa, na feni haisikiki kwenye rekodi. Tuktuk zapita, adhana ya maghribi yatoka misikiti mitatu kwa mpigo, jenereta la duka la chini limewashwa, na rekodi ni safi. Kwa anayerekodi uimbaji au udi hii ni ndoto. Sisi wa gitaa la umeme tumepewa bure.

Nije kwenye sauti yenyewe, maana hapa ndipo wengi hukwama. Ukifungua faili ya amplifaya ya metali na kupiga, mara nyingi utasikia makelele makali yasiyovumilika. Amplifaya haina kosa. Kilichokosekana ni spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 haitoi masafa ya juu kama spika ya muziki ya sebuleni. Ikipita hezi 5,000 hivi inaanza kuporomoka, na kuporomoka huko ndiko kunakolainisha mkwaruzo ukawa mngurumo. Ndiyo maana ndani ya plagini hii (yaani programu hii inapofanya kazi ndani ya programu ya kurekodia) kuna nafasi ya pili, ya kuweka faili ya IR (impulse response). Hiyo ni rekodi fupi mno ya jinsi kabati fulani la spika linavyoitikia, likisikilizwa na maikrofoni fulani iliyowekwa mahali fulani. Kwa muziki mzito anzia kwenye kabati la spika nne za Celestion Vintage 30, lililosikilizwa na Shure SM57, maikrofoni iliyo sokoni tangu 1965 na bado iko mbele ya makabati ya gitaa kwenye studio nyingi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu limebadilisha kazi zangu kuliko jingine lolote: IR inaamua zaidi ya amplifaya. Shika modeli moja ya 5150, iache hapo hapo, halafu badilisha IR kumi mfululizo. Utasikia gitaa kumi tofauti. Fanya kinyume chake, IR moja na amplifaya kumi, na tofauti zitakuwa ndogo kuliko ulivyotarajia. Kwa hiyo muda wako uutumie kwenye IR. Maikrofoni ikiwa katikati ya spika sauti inakata. Ikisogezwa kuelekea ukingoni inakuwa nene na yenye giza. Mimi hupenda ile iliyosogezwa kidogo tu kutoka katikati.

Tahadhari moja: baadhi ya faili za TONE3000 zimenaswa pamoja na kabati na maikrofoni yake. Maelezo ya faili husema. Ukiipata ya aina hiyo zima IR, vinginevyo unapitisha sauti kwenye spika mara mbili na itatoka kama imefunikwa blanketi.

Gaini, yaani kiasi amplifaya inavyoisukuma sauti mpaka ikwaruze. Hapa najua nitabishiwa. Gitaa zito kwenye rekodi hutaka gaini ndogo kuliko unayoitumia ukipiga peke yako. Ukiwa peke yako chumbani mkwaruzo mwingi unakujaza raha, lakini kwenye wimbo mkwaruzo hubana sauti, ule mgoto wa pleki kwenye uzi unapotea, na rifu yenye nyuzi zilizozibwa kwa kiganja inageuka uji. Punguza mpaka uhisi umepunguza kupita kiasi, kisha sikiliza pamoja na drumu na besi. Njia ya zamani ya wapiga metali ni kuweka kanyagio (kisanduku cha kubonyeza kwa mguu) la aina ya Ibanez Tube Screamer mbele ya amplifaya, mkwaruzo wake sifuri na sauti yake juu. Kanyagio lile linapunguza besi kabla haijafika kwenye amplifaya, na besi ndiyo inayotia matope. Modeli nyingi kwenye TONE3000 zimenaswa tayari na kanyagio hilo mbele yake, zitafute hizo.

Jambo ambalo hakuna programu itakufanyia ni kupiga mara mbili. Rekodi rifu mara ya kwanza, ipeleke kushoto kabisa. Ipige tena upya kuanzia mwanzo, ipeleke kulia kabisa. Kunakili rekodi ya kushoto na kuibandika kulia hakusaidii kitu, kwani pande mbili zikifanana kabisa masikio husikia gitaa moja katikati, lililozidi sauti tu. Tofauti ndogondogo za mkono wako kati ya pigo na pigo ndizo zinazofungua ukuta ule mpana. Inataka nidhamu: metronomu ikiwa sikioni, mkono wa kulia ukishuka pamoja nayo. Kuna siku rifu ya sekunde kumi na tano inakula jioni nzima, na ninaifurahia kila dakika yake.

Upande wa besi niseme kifupi. Uzi mnene wa gitaa lenye mpangilio wa kawaida huanza hezi 82, ukiushusha hadi noti ya D ni 73. Chini ya hapo gitaa halina muziki, lina mtikisiko tu. Kata kila kilicho chini ya hezi 70 au 80, kulingana na mpangilio wako, na umwachie mpiga besi. Watu wengi wanaotafuta uzito kwenye gitaa wanautafuta mahali pasipo pake. Uko kwenye gitaa la besi linalopiga noti zilezile chini yake.

Sasa kompyuta. Modeli za kawaida za programu hii zina kazi nzito, na mashine ya zamani huanza kukatakata. Zipo modeli za ukubwa mdogo, zinaitwa Feather na Nano, na kwa kurekodi zinatosha kabisa. Mimi hutumia Reaper, programu ya kurekodia, ambayo inakupa siku 60 za kujaribu kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Ndani yake kinachorekodiwa ni sauti kavu ya gitaa, kabla ya amplifaya. Ninapiga nikisikia modeli nyepesi, wimbo ukiisha ninaiondoa na kuweka ile nzito, na sihitaji kupiga tena hata noti moja. Kuhusu ucheleweshaji, nikiweka bafa (kipande cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukichakata) ya sampuli 128 kwenye hezi 48,000, bafa yenyewe ni chini ya milisekunde tatu, na vidole havilalamiki.

Intafesi nayo ina kitufe cha INST, cha kuiambia kwamba kilichochomekwa ni gitaa. Kiwashe. Bila hicho gitaa linaingia likiwa butu. Kiwango cha kuingilia kisiguse nyekundu hata ukipiga kwa nguvu zako zote. Kilele cha desibeli 12 chini ya sifuri kinatosha.

Umeme wetu ni wa hezi 50, na gitaa lenye pikapu (vile vinasa mtikisiko wa nyuzi) za koili moja litaunasa mvumo huo na kuupitisha kwenye gaini yote ile mpaka uwe kama nyuki. Pikapu za hambaka, ambazo koili zake mbili hufuta mvumo wa kila mmoja, ndizo zinazofaa kazi hii. Jingine ninalolifanya kila mara ni kuchomoa chaja ya kompyuta nikirekodi na kutumia betri. Chaja za bei nafuu hutia mlio mwembamba unaosikika kila ukinyamaza kati ya rifu. Kitufe cha Gate ndani ya plagini, kinachozima sauti yoyote iliyo ndogo kuliko kiwango ulichoweka, kinafunga kilichobaki, ila usikikaze mno, kitakata mikia ya noti.

Na nyuzi! Hewa ya chumvi ya hapa haina huruma. Nyuzi ambazo Nairobi zingekaa muda mrefu, hapa zinashika kutu upesi, hasa gitaa likitundikwa ukutani karibu na dirisha linalotazama maji. Nyuzi zenye kutu hazina ule mwito wa chuma, na hakuna IR itakayourudisha. Ninazifuta kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza, gitaa linalala ndani ya begi na vipakiti vya kunyonya unyevu, na nyuzi mpya hufungwa kabla ya kurekodi wimbo. Zile nene za 11 hadi 54, kwa mpangilio wa chini, si rahisi kuzikuta madukani hapa mjini, kwa hiyo huagiza Nairobi zije na basi la usiku.

Mapungufu yapo. Modeli ya .nam ni amplifaya ikiwa imenaswa katika hali moja. Vitufe vya besi, kati na juu unavyoviona kwenye plagini ni vya plagini, si vya Peavey, na ukitaka gaini tofauti ya kweli unapakua faili nyingine. Wingi wa faili nao unachosha; mtu anaweza kumaliza wiki akijaribu modeli bila kuandika rifu. Mimi nimebaki na tatu na nimefunga mlango. Rafiki yangu anayepiga katika bendi za mahoteli ya Bamburi aliisikiliza akakubali sauti, lakini akauliza nitapandaje nayo jukwaani. Kwa jukwaani sipandi na kompyuta. Siku hizi kuna makanyagio yanayosoma faili za .nam moja kwa moja, na hilo ndilo ninalolidunduliza sasa.