ThinkPad X270: Niibadilishe au Niendelee Nayo?

Kwa wiki mbili nilifanya kazi kwa zamu na kompyuta mpakato mbili. Moja ni ThinkPad X270, mashine ya mwaka 2017 niliyoinunua ya mtumba Kariakoo, na ambayo kwa miaka minne sasa imebeba hesabu za wateja wangu wote. Nyingine ni ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha tisa, iliyotoka mwaka 2021, ambayo mhasibu mwenzangu anataka kuiuza na akakubali niitumie kwanza kabla sijampa jibu. Anataka shilingi milioni moja na laki sita. Kwa mtu anayelipwa na wenye maduka, wengine mwezi huu na wengine mwezi ujao, hizo si fedha za kutoa kwa sababu tu mashine ya zamani imeanza kuchosha. Ndiyo maana nimeona nieleze kwa kirefu jinsi nilivyoamua, kwani najua mafundi na wauzaji huulizwa swali hili kila siku.

Nianze na kazi yenyewe. Ninaishi Kimara, Dar es Salaam, na wateja wangu wengi wako Kariakoo na Posta. Asubuhi ninapanda basi la mwendokasi, mara nyingi nikiwa nimesimama hadi kituo cha Gerezani huku begi nimelikumbatia kifuani, na kutwa nzima ninahama duka moja hadi jingine, ambako mahali pangu pa kukaa ni kiti cha plastiki kando ya kaunta na mashine huwa mapajani. Kwa hiyo nilitafuta mashine ndogo, yenye skrini ya inchi 12.5, na sijawahi kujuta kwa udogo wake. Mzigo wa kazi hupanda kadiri tarehe 20 inavyokaribia, kwa kuwa hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, za mwezi uliotangulia. Siku hizo huwa nimefungua kwa pamoja programu ya hesabu, majedwali matatu au manne ya Excel, kivinjari chenye kurasa zaidi ya kumi pamoja na mfumo wa TRA, mamlaka ya mapato, na WhatsApp ambako wateja hunitumia picha za risiti walizochelewa kunikabidhi.

Ni katika siku hizo ambapo X270 ilianza kunikwamisha. Nilikuwa nikibonyeza jedwali na kusubiri, nikihamia kwenye kivinjari na kusubiri tena, hadi nikaamini kwamba umri wake umekwisha. Fundi wangu hakukubaliana nami. Aliniambia, "Dada, kabla hujanunua nyingine, angalia kwanza ni kitu gani kinajaa," kisha akanionesha dirisha la Windows linaloorodhesha programu zote zinazofanya kazi na kiasi ambacho kila moja inatumia. Nililiacha dirisha hilo wazi kuanzia tarehe 16 hadi tarehe 20. Prosesa, yaani sehemu inayokokotoa, ambayo kwangu ni Core i5-7200U yenye viini viwili, mara nyingi ilikuwa chini ya nusu ya uwezo wake, ilhali RAM ya GB 8, yaani kumbukumbu inayoshikilia kazi zilizofunguliwa, ilikuwa imejaa pomoni tangu saa nne asubuhi. RAM inapojaa, Windows huhamishia sehemu ya data kwenye diski na kuirudisha kila inapohitajika, na hata diski nzuri ya SSD iko mbali sana na kasi ya RAM. Kusubiri kwangu kote kulitoka hapo.

Ninamshauri kila anayefikiria kubadilisha mashine afanye upimaji huo katika siku yake yenye kazi nyingi kuliko zote, si Jumapili jioni akiwa anasoma habari. Kama kinachojaa ni RAM, swali linalofuata ni iwapo mashine inaruhusu kuongezewa. X270 inaruhusu. Ina nafasi moja ya RAM ya aina ya DDR4, na kwa vipimo rasmi vya Lenovo, kampuni inayotengeneza ThinkPad, inapokea hadi GB 16. Fundi alifungua kifuniko cha chini, akatoa ya GB 8, akaweka ya GB 16 ambayo nilikuwa nimeinunua kwa shilingi laki moja na elfu ishirini, na kazi yote haikufika nusu saa. Mwezi uliofuata tarehe 20 ilipita bila mimi kusubiri jedwali hata moja.

Jambo hili lina uzito kuliko wauzaji wanavyolieleza. Mwaka 2018 Lenovo ilitoa X280 kuchukua nafasi ya X270, na katika X280 RAM imelehemewa moja kwa moja kwenye ubao mama, kama ilivyo kwa X1 Carbon zote na kwa MacBook Air zote za miaka ya karibuni. Mashine zikawa nyembamba na nyepesi zaidi, lakini aliyenunua yenye GB 8 atabaki na GB 8 mpaka siku atakapoiacha. Madukani nimekuta X280 zenye GB 8 zikiuzwa kwa bei ya kuvutia, na nimeona wanunuzi wakizichukua kwa sababu zinang'aa kuliko X270 iliyo pembeni yake. Nawaomba waulize kwanza kuhusu RAM.

Suala la betri lilinichukua muda mrefu zaidi. X270 ina betri mbili: ndogo ya Wh 23 (wati-saa, kipimo cha umeme ambao betri inaubeba) iliyo ndani, na nyingine ya nyuma inayochomolewa, ambayo kubwa kuliko zote ni ya Wh 72. Unaweza kuchomoa ile ya nyuma na kuchomeka nyingine bila kuzima mashine, kwa kuwa ile ya ndani inaishikilia kwa wakati huo. Kwa jumla mashine inabeba Wh 95, na X1 Carbon ya kizazi cha tisa inabeba Wh 57 ambazo huwezi kuzichomoa bila kufungua mashine. Anayefanya kazi katika maduka ambako umeme unaweza kukatika saa tano na kurudi saa tisa ataelewa mara moja kwa nini tofauti hiyo naitaja kabla ya kasi. Ni kweli kwamba saa za kazi hazipimwi kwa Wh peke yake, kwani skrini na prosesa nazo zina ulaji wao. Hata hivyo, kwa matumizi yangu X270 yenye betri kubwa hunifikisha jioni, na kwa X1 Carbon nililazimika kutafuta tundu la umeme baada ya chakula cha mchana.

Sababu ya hilo niliipata kwenye ripoti ya betri, ambayo Windows huitoa yenyewe ukiandika amri ya powercfg /batteryreport. Ripoti hiyo huonesha uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani na uwezo uliobaki sasa inapojaa. X1 Carbon ya mwenzangu ilikuwa imebakiwa na Wh 41 kati ya 57. Hana kosa lolote. Betri za lithiamu huchakaa zikitumika, na huchakaa upesi zaidi zikikaa katika joto huku zimejaa chaji. Hapa Dar es Salaam joto la Januari na Februari tunalijua, na mashine iliyoachwa chajini mezani usiku na mchana, au ndani ya gari lililoegeshwa juani, huzeeka kuliko miaka yake. ThinkPad zina mpangilio wa kusimamisha chaji isifike asilimia 100, nami nimeuweka asilimia 80 kwa siku ninazofanya kazi nyumbani.

Nitoe pia tahadhari ambayo mimi mwenyewe nilichelewa kuipata. Betri ya kwanza ya nyuma niliyonunua ilikuwa ya bei nafuu mno, kutoka duka ambalo muuzaji wake aliniapia kwamba ni ya kiwandani. Baada ya miezi miwili ilikuwa ikishuka ghafla kutoka asilimia 40 na mashine kuzimika nikiwa katikati ya kazi, na nilipoirudisha niliambiwa kwamba waranti ilikuwa ya wiki moja. Ya pili niliinunua kwa sharti la kuichomeka na kuitazama ripoti palepale kaunta, na muuzaji alikubali bila shida. Anayekataa sharti hilo, mwache na betri yake.

Sasa nieleze kwa haki mahali ambapo X1 Carbon imeishinda mashine yangu, kwa maana imeishinda kweli. Skrini ya X270 yangu ni ya pikseli 1366 kwa 768, na ukiitazama kutoka upande rangi zinafifia. Skrini ya X1 Carbon ni ya inchi 14, pikseli 1920 kwa 1200, na imerefuka kwenda chini, kiasi kwamba jedwali la mauzo ambalo kwangu huonesha mistari michache, kwake linaonekana karibu ukurasa mzima. Baada ya siku tatu niligundua kwamba nilikuwa nimepunguza makosa ya kuruka mstari, na hilo kwa mhasibu si jambo dogo. Uzito nao ni wa kusifiwa: kilo 1.13, wakati X270 pamoja na betri yake kubwa inakaribia kilo moja na nusu. Ndani ya mwendokasi iliyojaa, begani unaijua tofauti hiyo. Kuhusu kasi, prosesa yake ina viini vinne badala ya viwili, na jedwali langu zito kuliko yote, lenye mauzo ya duka la jumla kwa mwaka mzima, lilikokotoa kwa takriban nusu ya muda. Jedwali la namna hiyo ninalifungua mara moja au mbili kwa mwezi.

Kibodi zote mbili ni nzuri na sina la kuongeza. X1 Carbon haina tundu la waya wa mtandao, na mmoja wa wateja wangu hatoi intaneti kwa njia nyingine yoyote. Kuna kifaa cha kuongezea, nacho ni kitu kingine cha kusahau kwenye kaunta ya mtu. Feni ya X270 ilikuwa na kelele mpaka fundi alipoisafisha vumbi na kupaka upya dawa ya kupitishia joto kati ya prosesa na bomba la shaba. Tangu hapo mapajani haiunguzi.

Mpaka hapa mtu angesema uamuzi ni rahisi: bakiza X270, kwa kuwa kwa gharama ya RAM na betri imerudi kufanya kazi yake. Lakini lipo jambo ambalo fundi hawezi kulirekebisha kwa bisibisi. Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10, iliyo kwenye mashine yangu, pamoja na masasisho yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa prosesa za Intel inakubali rasmi za kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache mno za kizazi cha saba. Prosesa yangu ya kizazi cha saba haimo. Zipo njia za kuiweka Windows 11 kwa nguvu, na vijana wa Kariakoo wanazijua vizuri, ila Microsoft imesema wazi kwamba mashine isiyokidhi masharti haina haki ya kupata masasisho. Ningekuwa mwandishi wa barua na hadithi ningehamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, bila kusita. Programu yangu ya hesabu inafanya kazi kwenye Windows peke yake.

Mimi nimeshika namba za utambulisho za walipakodi, mishahara ya wafanyakazi wa watu na mikataba yao ya pango. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na hata bila sheria hiyo nisingeweza kumtazama mteja machoni nikimweleza kwamba hesabu zake ziliibwa kupitia tundu ambalo nililijua na kuliacha wazi. Kwa hiyo nimeiandikisha X270 katika mpango wa masasisho ya ziada ya usalama, ambao kwa watumiaji binafsi unaendelea hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unaweza kulipa dola 30, au usilipe kitu ukikubali mipangilio ya mashine yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Mimi nilichagua njia hii ya pili, nayo haikuchukua dakika tano.

Basi X1 Carbon nimeirudisha kwa mwenyewe, kwa shukrani. Si mashine mbaya hata kidogo. Kama X270 yangu ingekuwa na RAM isiyobadilishika ningeinunua siku hiyohiyo. Ila kuilipia milioni moja na laki sita leo, kisha niongeze fedha ya betri mpya, wakati iliyo mikononi mwangu inamaliza kazi ya tarehe 20 na bado inapata masasisho, ingekuwa ni kununua skrini kwa bei ya mashine nzima. Nyumbani tatizo la skrini nimelipunguza kwa kuchomeka kioo cha mezani kwenye tundu la HDMI, na majedwali mazito nayafanyia hapo usiku.

Septemba ijayo nitaingia sokoni tena. Nitatafuta mashine yenye prosesa inayokubaliwa na Windows 11, skrini iliyorefuka kama ile niliyoionja, na RAM ya GB 16 tangu siku ya kwanza kwa kuwa najua haitaongezwa tena, na ripoti ya betri nitaifungua dukani kabla ya kutoa hela. X270 itakwenda kwa mdogo wangu anayesoma chuo, ikiwa na Linux na betri zake zote mbili.