Jiko la induksheni: lipi ununue, na kwa nini wati pekee hazitoshi

Ukienda kununua jiko la induksheni, yaani jiko la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, jambo la kwanza utakaloambiwa ni wati. Naomba uanze na swali jingine: moto mdogo linaushikaje? Kuchemsha maji upesi, karibu yote yanaweza. Yanapoachana ni pale unapotaka mchuzi utokote taratibu kwa saa nzima bila kushika chini.

Chini ya kile kioo cha juu ya jiko kuna koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa duara. Umeme unaopita humo hubadili mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde na kuzalisha uga wa sumaku, na uga huo huamsha mkondo wa umeme ndani ya kitako cha sufuria. Kwa hiyo kinachopata moto ni sufuria yenyewe, na kioo hupashwa na sufuria iliyokikalia. Ndiyo maana umeme haupotei sana: takriban asilimia 85 ya nishati hufika kwenye chakula, ilhali jiko la gesi hupoteza zaidi ya nusu pembeni. Lita moja ya maji kwenye jiko la wati 2,000 huchemka kwa dakika tatu hadi nne. Hakuna mwali wala moshi, na ukipunguza moto unapungua papo hapo.

Sasa turudi kwenye moto mdogo. Majiko mengi ya bei ya chini huandika wati 400 kwenye kioo, lakini hayana uwezo wa kushuka hadi hapo. Yanachofanya ni kuwaka kwa wati 1,000 au zaidi kwa sekunde chache, yanakata, kisha yanawaka tena. Maziwa yanapanda, yanatulia, yanapanda. Majiko mazuri hupunguza nguvu yenyewe bila kukata. Kuna namna ya kuyatofautisha dukani: omba sufuria ya maji ya moto, weka kiwango cha chini kabisa, tazama mapovu kwa dakika mbili. Yakija na kupotea kwa zamu, umeshapata jibu. Muuzaji akikataa kuliwasha, nenda kwingine.

Kwa kipimo hicho, nayapanga hivi.

La kwanza ni jiko la pleti moja la kuhamishika, wati 1,800 hadi 2,100, lenye moto mdogo usiokatakata. Linachomekwa kwenye soketi ya kawaida, halidai ubomoe kitu jikoni, na linaweza kukaa pamoja na jiko ulilo nalo huku ukijifunza tabia zake. Kasoro yake kubwa ni koili ndogo. Duara lililochorwa juu linaweza kuwa pana, lakini koili iliyo chini mara nyingi haizidi sentimita 18, kwa hiyo kikaango kipana kitaunguza katikati huku kingo zikiwa bado hazijapata moto. Feni yake pia inasikika. Na tafadhali usilichomeke kwenye waya mwembamba wa kuunganishia: wati 2,000 kwenye volti 230 ni karibu ampea 9 mfululizo, na waya dhaifu utapata moto kabla ya chakula kuiva.

La pili ni lile la pleti nne linalopachikwa kwenye kaunta. Kwa upishi wenyewe hili ndilo bora: koili pana, moto mdogo uliotulia, kelele kidogo. Nimelishusha kwa sababu linaweza kuvuta hadi wati 7,400, yaani ampea 32, na hilo linataka waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi, kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Kama nyumba ni yako na waya unaweza kuvutwa, liweke la kwanza. Mpangaji aliache.

La tatu, jiko la pleti mbili la kuhamishika. Linavutia machoni, ila pleti zote mbili zinagawana umeme wa plagi moja. Ukipandisha huku, kule kunashuka. Anayehitaji pleti mbili ni heri anunue majiko mawili ya pleti moja na kuyachomeka kwenye saketi tofauti, yaani soketi zenye waya na fyuzi tofauti.

Na lile linalosifiwa kwamba linakubali sufuria yoyote? Hilo ni la infraredi, linalopasha kwa mionzi ya joto badala ya sumaku. Likiwaka utaona wekundu chini ya kioo. Linafaa kwa mwenye vyungu na sufuria za alumini tu, lakini kioo chake hubaki cha moto kwa muda mrefu na ile kasi ya induksheni huipati.

Kabla ya kulipa, chukua sumaku uende nayo jikoni kwako. Inaponasa barabara kwenye kitako, sufuria hiyo inafaa. Chuma cha kusubu na chuma chenye enameli vinafaa. Alumini, shaba, udongo na kioo havifai, isipokuwa viwe vimewekewa bamba la chuma chini. Stenlesi nyingine hunasa, nyingine hazinasi, kwa hiyo usikisie. Kitako kiwe bapa. Gharama ya sufuria mpya huweza kulizidi jiko lenyewe, na wengi hawaihesabu. Zile sahani za chuma za kuweka kati ya jiko na sufuria isiyofaa sizipendekezi, maana zinaua faida uliyoilipia.

Aliyepandikizwa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo amuulize daktari wake kwanza, na akae angalau sentimita 60 kutoka kwenye jiko linalowaka. Kioo kikipata ufa, chomoa na usilitumie tena, kwani maji yakipenya hukutana na umeme. Umeme ukikatika hupiki, hivyo usiuze jiko la zamani. Mwisho, soma dhamana uone kama inagusa kioo na feni, na uliweke mbali kidogo na ukuta: matundu ya feni yakizibwa, jiko hupata joto kupita kiasi na kujizima katikati ya mapishi.